Bismarck hakuwa rais wa Ulaya: kisa cha darasa langu la kidato cha tatu Mbagala

Walimu wenzangu wa historia, na wazazi wenye watoto sekondari, naomba niwaeleze hiki kisa chote kuanzia mwanzo maana kimebadilisha kabisa ninavyoingia darasani, na najua sio mimi peke yangu niliyekutana nacho.

Nafundisha shule ya serikali huku Mbagala. Mkondo ninaouongelea ni wa kidato cha tatu, una watoto 86, wanakaa watatu watatu kwenye dawati. Mada ilikuwa ile ya Wazungu kuigombania na kuigawana Afrika, mada ambayo mwalimu wa historia hata ukimwamsha saa nane usiku anaitiririka. Nimefundisha wiki mbili na nusu, notsi wameandika, maswali waliuliza machache tu, nikawapa testi. Swali moja nililiona jepesi kabisa, eleza nafasi ya Bismarck, yule mkuu wa serikali ya Ujerumani, kwenye mkutano wa Berlin wa 1884.

Usiku nasahihisha. Karatasi ya tatu nakuta Bismarck alikuwa rais wa Ulaya. Nikasema huyu siku ile hakuja. Ya tisa, rais wa Ulaya. Mbele kidogo kuna aliyeandika kiongozi mkuu wa Wazungu, mwingine kaandika Bismarck aliwaita viongozi wake wa Ureno, Ufaransa na Uingereza ili awagawie maeneo kama mzee anavyowagawia wanawe mashamba. Nilipomaliza nikahesabu, watoto 31 wameandika kitu hichohicho kwa maneno tofauti. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba wengi wa hao 31, kwenye lile swali la kutaja sababu sita za Wazungu kuja Afrika, walipata zote sita. Malighafi, masoko, sehemu za kuwekeza mitaji, zote zipo, kwa mpangilio uleule wa notsi zangu, mpaka neno moja nililokosea herufi ubaoni na wao wamelikosea vilevile.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa ile tuliyoizoea, kwamba hawa watoto hawasomi, wanashinda kwenye simu. Nikapanga niwape masahihisho waandike mara kumi. Ila nikiwa nayatazama yale majibu nikajiuliza, hili la rais wa Ulaya limetoka wapi? Kwenye notsi zangu halipo. Kitabuni halipo. Na hawakuangaliziana, maana wengine walikaa mbele kabisa na wengine dirishani nyuma. Watoto 31 kukosea jambo moja ambalo hawakufundishwa, ujue wanalo kichwani tayari na wewe umelijengea juu yake bila kujua.

Kesho yake nikaingia, nikaweka chaki chini, nikaongea Kiswahili, najua mlangoni kwa mkuu wa taaluma kuna tangazo kwamba masomo yote ni Kiingereza na mimi naliheshimu lakini siku hiyo nilihitaji kuwasikia. Nikauliza, Ulaya ni nini? Kimya kidogo, halafu mikono ikaanza. Ulaya ni kwa Wazungu. Ulaya ni Uingereza. Ulaya kuna London, kuna Paris, kuna Marekani. Dogo mmoja mrefu anayekaa nyuma akasema, "Madamu, mbona mtu akisafiri tunasema kaenda Ulaya, hatusemi nchi gani." Na kweli bwana, hata mimi ndo ninavyosema. Mtaani kwetu Ulaya ni sehemu moja, na Mzungu ni mtu mmoja, akipita Mjerumani watoto wanaita mzungu, akipita Mrusi mzungu.

Nikarudi kwenye notsi zangu mwenyewe nikazisoma kama mgeni. Kila sentensi mtendaji ni Wazungu. Wazungu walitaka malighafi, Wazungu walikutana Berlin, Wazungu waliigawana Afrika. Ukurasa mzima hakuna Mzungu hata mmoja anayegombana na mwenzake! Sasa mtoto akisoma hivyo, mkutano wa Berlin ataupa maana gani? Mtu mmoja hakai kikao na nafsi yake. Kama kuna kikao basi yupo mwenyekiti na wapo walio chini yake, na jina pekee lililotajwa ni Bismarck, kwa hiyo Bismarck ndo mkubwa wao. Kwa walichokuwa nacho, walifikiri sawasawa kabisa. Ni mimi niliyewanyima kipande muhimu kuliko vyote, kwamba hawa watu walikuwa majirani wanaoogopana.

Nikaanza na ramani. Nilichora Ulaya kwenye manila, nikaibandika, tukataja nchi moja moja. Haikusaidia kitu, walipata majina mengine kumi na mbili ya kukariri basi.

Nikajaribu mpira, na hapa nataka wenzangu wanaopenda hii njia wanisikilize vizuri. Wavulana walishika moto, Ureno ya Ronaldo, Hispania, Ufaransa ya Mbappé, Ujerumani, wanazijua jezi zote. Nikaona tumefika. Halafu yuleyule dogo mrefu akanyoosha mkono, "Lakini madamu si wote wako chini ya UEFA? Basi Bismarck si ndo kama rais wa UEFA." Nilibaki nimesimama, maana UEFA ndo chama kinachosimamia mpira wa Ulaya yote. Nilikuwa nimewapa mfano unaothibitisha kosa lenyewe! Na mwingine akaiingiza Kroatia kwenye mkutano wa Berlin, wakati nchi hiyo mwaka 1884 ilikuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Wasichana wengi nao walikaa kimya kipindi kizima. Mpira unawapa majina na rangi, lakini timu za leo sio dola za karne ya 19, na ugomvi wa uwanjani unaisha dakika ya 90.

Kilichofungua mlango sikukipanga. Kuna binti alihamia kwetu mwaka huu kutoka Unguja, mpole sana, nadhani alikuwa hajawahi kuongea darasani. Siku hiyo akanyoosha mkono akaanza, "Madamu, kule skuli yetu tulifundishwa..." hakumaliza, darasa zima likaangua kicheko, skuli! skuli! Binti akakaa chini, akainamisha kichwa kwenye dawati. Nilikasirika kweli, nikawanyamazisha, nikataka niwape somo la adabu, halafu nikajikuta nauliza swali lingine. Haya, mnaocheka, niambieni kwa nini sisi tunasema shule na wao wanasema skuli. Nani kakosea?

Hakuna aliyejua. Nikaandika ubaoni shule, chini yake skuli. Nikawaambia shule tumeipata kwa Mjerumani, kwao ni Schule. Skuli ni ya Mwingereza. Huku bara alikaa Mjerumani, kule Unguja tangu 1890 alikuwa Mwingereza, kila mmoja akaacha neno lake mdomoni kwetu, na mpaka leo boti ya kwenda Unguja ukishuka bandarini unasikia tofauti. Darasa likatulia. Nikaongeza hela, ambayo ni Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika hapa 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Wakaanza kunong'ona. Nikarudi nyuma zaidi, meza, leso, bendera, mvinyo, gereza, hayo sio ya Mjerumani wala Mwingereza, hayo ni ya Wareno, ambao Vasco da Gama alifika nao Mombasa na Malindi 1498 na mwaka 1505 wakaivamia Kilwa, hiyo Kilwa ambayo barabara yake mnaivuka kila asubuhi kuja hapa. Wareno hao Waomani wakawatoa kwenye ngome ya Fort Jesus, Mombasa, 1698. Karibu miaka mia mbili kabla Mjerumani hajafika!

Nikagawa ubao sehemu tatu, Mreno, Mjerumani, Mwingereza, nikawaachia chaki. Walikuja mbele wenyewe, baiskeli wakaiweka kwa Mwingereza, reli kwa Mwingereza, kuna aliyeweka chai kwa Mwingereza tukabishana nayo, maana ilikuja na njia za biashara za Asia. Yule binti wa Unguja nikamwomba atutajie maneno ya kwao, akaja mbele. Sio kwamba siku hiyohiyo akawa muongeaji, hapana, ila alikuja mbele.

Halafu likaja swali. Msichana wa dawati la pili, "Sasa madamu kwa nini Unguja akae Mwingereza na huku Mjerumani, walipangana?" Mnaelewa kilichotokea hapo? Hilo ndo swali la mada nzima, mimi nilikuwa nimewapa majibu yake wiki mbili na nusu kabla ya wao kuwa na swali.

Tukaanza upya. Niliwaambia mpaka 1871 nchi inayoitwa Ujerumani haikuwepo. Kulikuwa na falme na miji mingi inayoongea Kijerumani, mkubwa wao Prussia, na Bismarck alikuwa waziri mkuu wa Prussia. Waliwapiga Wafaransa kwenye vita ya 1870 na 1871, wakautangaza ufalme wao mpya ndani ya jumba la Versailles, huko Ufaransa kwenyewe, wakachukua maeneo ya mpakani, karibu Alsace yote na sehemu ya Lorraine. Mtoto mmoja akauliza kama ni kama Tanganyika na Zanzibar kuungana 1964, nikasema umewaza vizuri ila sisi hatukuungana kwa kumpiga jirani kwanza, na hilo la kumpiga jirani ndo linaeleza kila kitu kinachofuata. Mfaransa ana kisasi moyoni. Bismarck hamtaki Mfaransa apate rafiki, na akienda kuhangaika na makoloni mbali huko, kwa Bismarck ni nafuu. Mwingereza ana manowari nyingi na viwanda vya nguo vinavyotaka pamba, hataki mtu amzibie njia ya India. Mreno ni mkongwe, hana nguvu, anadai tu kwamba yeye alifika wa kwanza. Na mfalme wa Ubelgiji, Leopold, anaitaka Kongo iwe yake binafsi. Hapo mkutano ukawa na maana. Bismarck ni chansela, mtendaji mkuu chini ya Kaizari wa nchi moja, aliyewakaribisha wenzake Berlin kwa sababu kila mmoja alimshuku mwenzake.

Na hapa nikasahihisha kosa langu la miaka. Nilikuwa nafundisha kwamba walikaa Berlin na rula wakaikata Afrika vipande. Mkutano ule, tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, nchi 14, Marekani na Waturuki wa Osmani wakiwemo na Mwafrika hakuna hata mmoja, kazi yake kubwa ilikuwa kuweka kanuni, uhuru wa kupita mto Kongo na Niger, na kwamba anayedai pwani mpya awajulishe wenzake na aonyeshe kweli ana utawala pale. Mipaka mingi ilichorwa kwenye mikataba ya wawili wawili. Wetu ulianza 1886, Mjerumani na Mwingereza, mstari kutoka mto Umba pwani ukapindia Kilimanjaro mpaka Ziwa Viktoria. Wakati wanaume wanakula chakula cha Berlin, Mjerumani mmoja, Carl Peters, alikuwa Usagara huku bara anawawekea machifu karatasi za kutia alama, na kibali cha Kaizari cha kuilinda kampuni yake kikatoka 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa. Siku moja! Hiyo tarehe sikuwaambia waikariri na hakuna aliyeisahau.

Kuna na ile hadithi kwamba Malkia Viktoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro. Na mimi niliwahi kuisimulia. Nikawapa watoto miaka miwili tu, mstari 1886, Wilhelm kuwa Kaizari 1888, nikawaacha. Dakika mbili nyingi, dogo mmoja akasema, "Sasa alipewa kama nani, hata Kaizari bado!" Mwaka ukifanya kazi namna hiyo hauhitaji kukaririshwa.

Mkataba wa 1890 nao wakaupenda, Mwingereza kumpa Mjerumani kakisiwa ka Heligoland kule Bahari ya Kaskazini ili aachiwe Unguja. Wakasema walibadilishana kisiwa kwa kisiwa. Nikawakataza kidogo, Mjerumani hakuwa na Unguja ya kumpa mtu, Unguja ilikuwa na sultani wake, alichokubali Mjerumani ni kutomzuia Mwingereza kuiweka chini ya himaya. Yule binti wa Unguja akasikika pale mbele, taratibu, "Ndo maana skuli."

Sio kila nilichofanya kilikuwa kizuri. Walipouliza hawa majirani mwisho wao nini, nikawachorea ukoo wa Viktoria, nikatumia lugha ya kwetu. George wa Tano wa Uingereza na Kaizari Wilhelm ni mabinamu kabisa, Wilhelm ni mtoto wa shangazi yake George. Na Nikolai wa Urusi ni mtoto wa mama mdogo wa George. Jamani darasa lilivyochangamka, hasa wasichana waliokuwa wamelala kwenye mpira, kila mtu anajua nyumba ambayo mabinamu hawasalimiani. Lakini kwenye testi ya pili watoto saba wakaandika vita ya 1914 ilikuwa ugomvi wa mirathi. Kwa hiyo ukoo ule sasa nauweka mwisho, baada ya viwanda, majeshi na miungano ya nchi kueleweka, na nauweka kuonyesha kwamba hata undugu haukuzuia, sio kwamba undugu ndo ulileta.

Mkuu wetu wa idara, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, alinifuata ofisini. "Mwanangu, umetumia vipindi sita vya ziada, mtihani wa taifa hauulizi skuli." Nilimwamkia, nikamwekea yale majibu 31 mezani, akasoma kimya. Wasiwasi wake una haki na sitaki kuudharau, silabasi ni ndefu na hawa watoto watapimwa kwa Kiingereza. Nikamkaribisha darasani. Alikuja, na yeye ni Mhehe, akasimama akawaambia watoto kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza vita ya Wazungu wao kwa wao, kifungu cha 246 kinamtaja Mkwawa, chifu wa Wahehe, kwamba Mjerumani alirudishe fuvu lake kwa Mwingereza. Mkwawa alikufa 1898, fuvu likarudi 1954, liko Kalenga. Wanafunzi hawakuamini kwamba mkataba ule mkubwa uliomaliza vita umeandikwa hata jambo la Iringa. Aliongea dakika kumi, sijawahi kumuona vile.

Testi ya pili, rais wa Ulaya walibaki wanne. Ila kwenye kutaja sababu sita, baadhi waliopata sita mwanzo walishuka mpaka nne, kwa sababu safari hii walijaribu kuandika kwa maneno yao na Kiingereza kikawaangusha. Hilo ni gharama ya kweli. Sasa dakika kumi za mwisho za kila kipindi tunachukua tulichoongea kwa Kiswahili tunakitafutia Kiingereza chake pamoja, sentensi fupi fupi, wanaandika wenyewe, mimi sitoi notsi za kunakili mpaka wameandika zao. Inakwenda polepole. Wanne waliobaki nimekaa nao, wawili shida yao ni kusoma kwenyewe, sio historia.

Jumamosi moja, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi, nilienda Posta na watoto 22. Daladala za kuwapakia wanafunzi mnazijua, tuligawanyika makundi matatu ndo makonda wakatukubali. Tukaanza Kivukoni, tukalitazama kanisa la Azania Front, la Walutheri wa Kijerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, tukapanda mpaka Sanamu ya Askari, ambayo Waingereza waliisimamisha 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokuwa upande wao kwenye vita ya 1914, bayoneti imeelekea bandarini. Mwendo mfupi tu kwa mguu na umehama kutoka kwa Mjerumani kwenda kwa Mwingereza, na mji ulibadilisha mikono Septemba 1916. Nikawaambia wasome maandishi wenyewe, yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yule binti wa Unguja ndo alisoma kwa sauti, alipofika pale wapagazi wanapoitwa miguu na mikono ya jeshi akasita, akarudia.

Dogo mrefu wa UEFA alikuwa kimya muda wote, anaizunguka ile sanamu. Akaniuliza, "Madamu, hawa walipigania mfalme wa Mwingereza. Na babu zetu waliopigana upande wa Mjerumani, sanamu yao iko wapi?"

Somo la Jumatatu tulianzia hapo.